Sikuwa Fisi

Kadi ni kumi na mbili, ndogo kama za mwaliko wa harusi, na kila moja ina mistari mitatu: jina la kikaragosi, aliyemtengeneza, aliyempa sauti. Zitabandikwa chini ya vioo katika ukumbi wa maktaba moja katikati ya jiji, ambako wameamua kuonyesha historia ya kikundi chetu cha michezo ya vikaragosi kwa watoto. Dada anayesimamia kazi hiyo alinitafuta mimi kwa sababu kati ya wale wa mwanzo ndiye niliyebaki Nairobi, na kwa sababu vikaragosi wenyewe wamelala chini ya kitanda changu, ndani ya sanduku la bati nililoenda nalo shule ya bweni. Kadi kumi na moja nilizijaza kwa nusu saa nikinywa chai. Ya kumi na mbili, ya Bibi, nimeizungusha mezani wiki tatu. Mstari wa kwanza na wa pili nimeandika. Wa tatu umenishinda.

Dada yule amenipigia simu mara mbili. "Ni hiyo moja tu imebaki," aliniambia juzi. "Si uweke tu jina yako? Kila mtu anajua ni wewe ulikuwa unafanya Bibi."

Kila mtu anajua, kweli. Wacha basi nieleze wasichokijua.

Kikundi kilizaliwa katika ukumbi wa kanisa nyuma ya Adams Arcade. Mwenye wazo alikuwa mwalimu mstaafu wa chekechea, mama mnene kutoka upande wa Kakamega, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Tulimwita Mwalimu, basi. Alikuwa amechoka kuona watoto wa shule ya Jumapili wakisinzia, akaamua kuwatengenezea kitu cha kuwatoa usingizi. Akatuokota sisi wanne: mama fundi wa cherehani, dada wa kwaya, fundi wa mawe aliyekosa kazi na aliyefanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, na mimi, niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne na kuzunguka mjini na bahasha ya kaki mpaka ikachanika pembe.

Hatukuwa na kitu. Vichwa vya vikaragosi tulivitengeneza kwa magazeti yaliyolowekwa katika uji wa unga wa ngano, miili kwa sponji za magodoro yaliyotupwa, mikono tukaiendesha kwa njiti za miavuli iliyovunjika. Jukwaa lilikuwa fremu ya mabomba ya maji ya plastiki na kitambaa cheusi kilichoning'inia mbele yake. Sisi tulipiga magoti nyuma ya kitambaa, mikono juu, na chini ya magoti tukaweka vipande vya malapa ili tusichubuke. Wanaoona mchezo wa vikaragosi hudhani ni kazi ya kuchekesha. Jaribu kuinua mkono juu ya kichwa kwa nusu saa, ukiwa umepiga magoti kwenye simiti, halafu uniambie.

Mwalimu alikuwa na sheria tatu, nasi tulizishika kama amri za Musa. Ya kwanza, mkono ukishapanda haushuki mpaka wimbo wa mwisho uishe, hata ukiumwa na siafu. Ya pili, hatuchungulii watazamaji. Kitambaa kiliachwa wazi shubiri moja kutoka chini ili hewa ipite, na kupitia pengo lile tuliona miguu tu. Tulijifunza kusoma miguu. Miguu inayopiga sakafu imefurahi, miguu iliyosokotana imeboeka au inataka msalani. Ya tatu, mchezo ukiisha sote tunatoka mbele na vikaragosi mikononi, tunainama, ili kila mtoto aone kwamba ni watu. "Mtoto asirudi nyumbani akiogopa kitu ambacho ni mkono wa mtu," alikuwa akisema.

Siku moja Mwalimu alileta hadithi ya fisi mwizi na bibi mwenye chungu cha chakula. Fisi akapewa fundi wa mawe bila mjadala, kwa maana alikuwa na kicheko kibaya tangu kuzaliwa. Bibi akabaki hana mtu. Mama wa cherehani alijaribu akasikika kama chifu. Dada wa kwaya akaimba badala ya kusema. Mwalimu akanitupia kikaragosi. "Jaribu wewe. Kwani wewe hauna bibi?"

Nikamvaa. Nikafungua mdomo, akatoka mama yangu.

Mama yangu alikuja Nairobi kutoka Kitui nikiwa mgongoni mwake, akauza mboga soko la Kangemi mpaka magoti yalipokataa. Kiswahili chake alikiokota sokoni, nacho kilimtosha. R aliigeuza l, sh na z akazigeuza s, na maneno aliyapanga atakavyo kama alivyopanga mafungu ya nyanya. Kila mtu alikuwa "mwana wakwa," mwanangu kwa Kikamba, hata polisi. Kila sentensi ilianza na "Aiya!" Kwa Kiswahili hicho alibishana na madalali, akaombea wagonjwa, akanisomesha mimi.

Na kumwigiza hakukuwa kugeni kwangu. Nikiwa kidato cha pili alikuja shuleni siku ya wazazi, akasimama mbele ya bweni akaniita kwa sauti ile yake ya sokoni. Wavulana wakatazamana. Nilijua wangeanza, kwa hiyo nikawatangulia. Kabla basi lake halijafika barabara kuu nilikuwa juu ya kitanda nikimwigiza, nao wanagaragara sakafuni. Nilijiambia kwamba anayejicheka mwenyewe hachekwi na watu. Ila sikuwa nimejicheka mimi, nilikuwa nimemcheka yeye. Kisha nikafungua bakuli alilonibebea kutoka nyumbani, muthokoi, mahindi yale yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, nikala yote.

Kwa hiyo siku ile ukumbini Adams, Bibi alipoanza kumgombeza fisi, "Aiya, mwana wakwa, umekula muthokoi yangu, na hata haujasiba?" nilikuwa na miaka ya mazoezi. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Fundi wa mawe alishindwa kushika fisi wake.

"Haki, hiyo sauti umeitoa wapi?" Mwalimu aliniuliza akijipangusa machozi.

"Kuna mama fulani anauza mboga Kangemi," nikasema.

Nilisema kwa wepesi, kama mtu anayetaja mtu baki, na hakuna aliyeniuliza zaidi.

Bibi ndiye aliyetubeba. Tulizunguka naye shule za Kawangware, Dagoretti na Riruta. Tukipita barabarani watoto walitukimbilia wakiita "Bibi! Bibi!" Tukapata Jumamosi moja kila mwezi katika ukumbi wa katikati ya jiji, halafu simu zikaanza kutoka Karen, mtaa wa matajiri, sherehe za kuzaliwa kwenye nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele zangu. Huko Karen niliwahi kuonywa, ila sikutaka kusikia. Tulikuwa tumemaliza mchezo, bado tuko nyuma ya kitambaa, pale mtoto mwenye sherehe alipomgeukia mama anayefanya kazi katika nyumba ile, aliyekuwa amebeba sinia la keki, akamwambia kwa sauti ya Bibi, "Aiya, mwana wakwa, umesiba?" Wageni wakaangua kicheko. Kupitia pengo niliona malapa ya yule mama yakisimama. Yakageukia kitambaa. Yakakaa hapo muda, kisha yakaenda zake.

Fundi wa mawe alinitazama.

"Watoto," nikamwambia.

"Eeh, watoto," akasema, na tukaanza kufungua mabomba.

Mama alijua kwamba ninafanya "kazi ya watoto" na watu wa kanisa la Adams. Zaidi ya hapo hakujua, kwa sababu sikumwambia, na miaka yote ile sikumwalika hata mara moja. Nilikuwa na visingizio vya kila msimu. Ni mbali. Kuna mvua. Ni mambo ya watoto tu, mama, utachoka. Kisha Mwalimu akapokea mwaliko kutoka kanisa moja Kangemi. Nilipolisikia jina la kanisa nililijua, maana ndilo kanisa la mama. Ningeweza kusema kitu. Lakini ilikuwa Jumamosi, na mama hakuwahi kukosa soko siku ya Jumamosi, hata akiwa na malaria. Nikanyamaza.

Nilichosahau ni kwamba akina mama wa kanisa hupangiwa zamu ya kupikia watoto chai, na zamu haijui soko.

Mchezo ulikuwa umefika katikati. Ukumbi ulijaa, watoto mbele kwenye viti virefu, wazazi na wazee wa kanisa nyuma. Miguu ilikuwa ikipiga sakafu kama mvua juu ya mabati. Nikaangalia pengo, kama kawaida, kusoma miguu, na katikati ya miguu midogo ya kiti cha mbele nikaona viatu vya kahawia vya mwanamke. Kiatu cha kulia kilikuwa kimekatwa tundu kwa wembe upande wa kidole kidogo, ili sugu ipumue. Nilikuwepo siku alipokikata. Mimi ndiye niliyeshika kiatu.

Miguu yote ilirukaruka isipokuwa ile miwili.

Sasa nifike mahali ambapo kwa miaka mingi nimekuwa nikipasimulia vibaya, hata kwangu mwenyewe. Siku ile nilifanya kitu ambacho hakikuwa kwenye mchezo. Bibi alisimama akatoa ushuhuda. Mama yangu alipenda kutoa ushuhuda kila Jumapili, na kanisa zima lilijua namna yake: huinua mkono mmoja, hufumba macho, huanza na sifa. Bibi aliinua mkono mmoja. "Bwana asifiwe! Na asifiwe tena! Mimi ni mama wa mboga, nimeokoka, nampenda Yesu, na namsukulu Mungu kwa sababu jana sukuma wiki yangu yote iliisa!"

Nimekuwa nikijiambia kwamba nilifanya hivyo kabla ya kuona viatu. Si kweli. Niliviona kwanza. Niliviona, nikapatwa na hofu, na mkono ulikuwa juu na sheria inasema haushuki, na watoto walikuwa wanacheka, na mimi mtu akicheka sijui kuacha. Mdomo ukatafuta kitu cha kusema ukakuta kilicho karibu. Sheria ilikataza mkono kushuka tu. Haikunilazimisha kusema maneno yale.

Watoto walicheka kidogo, maana ushuhuda hawaujali. Waliocheka ni watu wazima wa nyuma, kicheko kile kinachoanza puani mtu akijaribu kukizuia. Walimjua. Nikasikia mwanamke mmoja akimtaja kwa jina, na hapo kanisani jina la mama ni Mama, halafu jina langu mimi. Ndivyo nilivyosikia jina langu likitajwa katikati ya kicheko kile. Kupitia pengo nikaona kiatu chenye tundu kikirudi nyuma taratibu, kikajificha nyuma ya kile kizima.

Wimbo wa mwisho ulipoisha nilivunja sheria ya tatu. Nilimwambia mama wa cherehani kwamba tumbo linanisumbua, nikamvua Bibi nikampa atoke naye. Wenzangu wakatoka, wakainama, wakapigiwa makofi. Mimi nilibaki nimepiga magoti kwenye malapa nikichungulia katika mshono wa kitambaa, jambo lingine ambalo Mwalimu alilikataza.

Watoto walipanga foleni kumsalimia Bibi mkononi, na mama yangu alipanga foleni pamoja nao. Zamu yake ilipofika hakumtazama mama wa cherehani kabisa. Alimtazama Bibi. Kitambaa cha kichwa cha Bibi kilikuwa kimelegea upande mmoja. Mama akakifungua, akakikunja upya, akakifunga kisogoni kwa fundo lile analojifunga yeye.

"Funga kitamba visuli, mama," alimwambia. "Watu wanakuona."

Kisha akainua macho, yakapita juu ya bega la mama wa cherehani, yakaja moja kwa moja kwenye kitambaa cheusi, pale nilipokuwa. Halafu akaenda kumimina chai.

Jioni nilienda kwake, maana kutoenda kungekuwa sawa na kukiri. Sisi wawili huongea Kikamba.

"Sikukuona ukitoka na wenzako," alisema.

"Nilikuwa na tumbo."

"Pole. Na huko ndani ulikuwa nani?"

Alikuwa amenipa mgongo, anakoroga sufuria. Nadhani alinipa mgongo makusudi ili nipate nafasi ya kusema kwa urahisi. Ningesema pale yangekwisha pale. Angenitukana, ningelia, tungekula.

"Nilikuwa fisi," nikasema.

Aliendelea kukoroga. "Fisi alicheza vizuri," akasema, na akanipakulia muthokoi, na nilipomaliza akaniongeza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenitembeza miaka kumi na minne.

Sikugundua mara moja kilichotokea. Nilikuwa na shughuli, na mtu mwenye hatia hupenda kuwa na shughuli. Kwanza nilisikia kwamba siku hizi mama hatoi ushuhuda. Nikasema labda amechoka. Kisha nikaona kwamba akija mgeni asiyejua Kikamba, mama husalimia kwa neno moja na kuingia jikoni. Sokoni alimweka jirani yake awe anajibizana na wateja, yeye akawa wa kufunga mboga na kuinua vidole kuonyesha bei. Yule mama aliyekuwa akigombana na madalali hadi wanaomba msamaha! Magoti yalipomtoa sokoni kabisa, nilisikia ahueni. Nasema ukweli. Niliona sasa sitahitaji kuona vidole vile.

Mke wangu ni wa kutoka magharibi ya nchi, kwa hiyo siku ya kwenda kwao kupeleka posa lugha ilikuwa Kiswahili. Wajomba walisema yao, wazee wakajibu, mambo yakaenda. Mwishoni baba mkwe, mtu mwema, akasema sasa wangependa kusikia kutoka kwa mama mzazi wa bwana arusi, japo salamu tu. Mama alisimama. Alikuwa amevaa vizuri siku ile, kitambaa kipya kichwani. Aliangalia watu, akaangalia chini, kisha akanigeukia akasema kwa Kikamba, taratibu, ili wasisikie wengine:

"Sema wewe. Wewe ndiye unayejua kuniongelea."

Akaketi. Nami nikasimama nikasema kwa niaba yake, Kiswahili kilichonyooka, na methali mbili ndani yake. Walipiga makofi. Wakasema mama amelea. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua, na kwamba amejua tangu siku ile ya sufuria, na hata hapo sikusema kitu. Nilimshika mkono akishuka ngazi. Mkono nilimpa, neno sikumpa.

Kikundi kilififia, si kwa ugomvi. Mwalimu alirudi kwao akazeeka huko, tukamzika. Fundi wa mawe alipata kazi ya mkataba nchi za nje. Watoto wa Karen wakapata vitu vya kutazama mikononi, na wa Kawangware pia. Bibi akaingia sandukuni na wenzake, akawa anatoka kwa ajili ya mtu mmoja tu, binti yangu. Ana miaka minane sasa. Tangu akiwa mdogo, akikataa kula, nilimletea Bibi mezani. "Aiya, mwana wakwa, haujasiba!" Anakula mpaka mwisho akicheka. Kikamba hajui, ni kosa langu, na kwa kuwa nyanya yake haongei Kiswahili mbele ya watu, hawa wawili wakikutana hupeana peremende na kutazamana. Anampenda Susu wake, kama tuwaitavyo nyanya kwa Kikamba, ila sauti yake hajaizoea. Ya Bibi ameizoea.

Jumamosi iliyopita nilichukua kadi ile ya kumi na mbili. Kwenye mstari wa tatu nikaandika, kwa penseli, jina la mama yangu, lake kamili la kwenye kitambulisho. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nikamweka Bibi kwenye mfuko, nikamchukua binti yangu, tukaenda Kangemi.

Mama siku hizi hukaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya kigoda. Tulikunywa chai. Binti yangu akatoka uani kuangalia kuku wa jirani. Nikaona ni sasa.

"Mama," nikasema, "siku ile kanisani sikuwa fisi."

"Fisi alikuwa mtu wa mkono wa kushoto," alinijibu, bila hata kuweka kikombe chini. "Nimekulisha mimi. Kwani sijui mkono wako?"

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani, yakaniisha yote, nikabaki na "nisamehe" moja, nikairudia kama mtoto. Akapiga funda la chai. Nikatoa kadi nikamsomea, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikamwambia kwamba itawekwa chini ya kioo mjini na watu watasoma jina lake. Nadhani nilitarajia atabasamu.

"Hapo umeongopa tena," alisema. "Mimi siongei hivyo. Futa."

Miaka yote hiyo nilijua nimefanya vibaya, lakini sikuwahi kufikiri kwamba hata sauti yenyewe nimeikosea. Nilidhani nilimwiba jinsi alivyo. Hata katika aibu yangu nilikuwa najivunia kwamba sauti ile nimeipatia. Nikatafuta kifutio mfukoni, kana kwamba mtu hutembea na kifutio, nikaishia kusugua penseli kwa kidole mpaka kadi ikachafuka.

Binti yangu alirudi akaona mfuko. "Bibi amekuja!" Akamtoa, akakimbia naye, akamweka mapajani mwa mama. "Susu, mfanye aongee!"

Niliinua mkono kumzuia. Mama akanitazama, nikaushusha.

Alimgeuza Bibi huku na huku. Akakiona kitambaa cha kichwa, na lile fundo lake la miaka kumi na minne iliyopita, ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Akalishika kidogo. Kisha akaingiza mkono wake ndani, mkono wenye vidole vilivyopinda, na Bibi akainua kichwa polepole sana, tofauti na nilivyowahi kumwinua mimi.

"Mwana wakwa," mama alimwambia mjukuu wake, kwa Kiswahili. "Umekuja kuniona. Nimefulahi." Sauti ilikuwa ya chini, imepwaya kwa kukaa bila kazi. Hapakuwa na aiya, hapakuwa na kitu cha kuchekesha. Ilikuwa sauti ya mtu mpole ambaye anachagua neno kabla ya kulitoa. Sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa kijana, na nadhani hata wakati ule sikuisikiliza.

Binti yangu alikunja uso. Alingoja kidogo, kwa adabu, kisha akatikisa kichwa.

"Susu, si hivyo," alisema. "Bibi haongeangi hivyo. Baba, muonyeshe."

Mama alitoa mkono wake ndani ya Bibi, akaninyooshea kikaragosi. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

"Haya," aliniambia kwa Kiswahili, mbele ya mtoto. "Nionyese."

Nikampokea nikamvaa. Ndani bado kulikuwa na joto la mkono wake. Binti yangu aliketi chini, akakunja miguu, akaweka viganja mdomoni tayari kucheka.